Asilimia 40: bodi za Norway na faida inayotafutwa kila kona

Ijumaa ya tarehe 22 Februari 2002, wasomaji wa gazeti la VG nchini Norway walikutana na habari ambayo haikuwa imepita hata kwenye baraza la mawaziri. Ansgar Gabrielsen, waziri wa viwanda na biashara, aliliambia gazeti hilo kuwa amechoshwa na klabu ya wanaume inayoendesha kampuni, na kwamba anataka angalau asilimia 40 ya wajumbe wa bodi wawe wanawake. Wengi walidhani wamesoma vibaya. Gabrielsen hakuwa mwanaharakati wala mtu wa mrengo wa kushoto. Alitoka Høyre, chama cha kihafidhina ambacho wafanyabiashara wa nchi hiyo hukihesabu kuwa chao.

Hoja aliyoitoa ilikuwa ya pesa. Alieleza baadaye kwamba haina maana kwa taifa kutumia fedha nyingi kusomesha wasichana, kuwaona wakiwapita wavulana karibu kila ngazi, kisha viongozi wa kampuni wakateuliwa kutoka nusu moja tu ya watu, tena marafiki waliojuana kwenye safari za kuvua na kuwinda. Kwa maneno mengine, aliiuza sheria yake kama jambo la ufanisi, na haki ya wanawake aliiacha nyuma kidogo. Kwa kuwa aliiuza hivyo, aliwapa watafiti wa fedha swali la kujibu: je, ufanisi ulionekana kwenye hesabu?

Zaidi ya miaka 20 baadaye, kisa hiki bado kinatajwa na pande zote mbili. Wanaounga mkono viwango vya lazima wanasema kampuni za Norway hazikufa. Wanaopinga wana makala yao moja mashuhuri inayosema wanahisa walipoteza pesa. Nimezisoma hoja za pande hizo, na naona kila upande unanukuu zaidi ya kile ambacho ushahidi unabeba. Hapa nitakichambua kisa chenyewe kuanzia sheria, kwa sababu ugomvi mwingi unatokana na watu kutojua sheria ilisema nini hasa.

Kwa nini Norway

Kabla ya Norway kulikuwa na takwimu nyingi, ila karibu zote zilikuwa za aina moja: unazipanga kampuni kwa idadi ya wanawake kwenye bodi, kisha unaangalia nani anapata faida kubwa. Iliyovuma zaidi ni ripoti ya shirika la Catalyst la Marekani ya mwaka 2007, iliyochukua kampuni za Fortune 500, orodha ya kampuni kubwa zaidi za Marekani. Robo ya kampuni zenye wanawake wengi zaidi ilizalisha faida ya asilimia 13.9 kwa mtaji wa wanahisa, na robo yenye wachache zaidi asilimia 9.1. Tofauti hiyo ikatangazwa kuwa asilimia 53. Ni sahihi kihesabu, maana 13.9 inaizidi 9.1 kwa kiasi hicho, lakini pengo lenyewe halifiki pointi tano. Msomaji anayesikia “asilimia 53” peke yake hujenga picha nyingine kabisa.

Kasoro kubwa zaidi haiko kwenye kuzungusha namba. Kampuni kubwa, tajiri na zinazotazamwa sana na umma ndizo zenye nafasi na sababu ya kuwa na bodi mchanganyiko. Sekta nazo hutofautiana: kampuni ya rejareja na ya uchimbaji madini hazina faida sawa wala desturi sawa za kuteua watu. Basi unapokuta wanawake wengi na faida kubwa mahali pamoja, huwezi kujua kipi kimeleta kingine, au kama vyote viwili vimeletwa na ukubwa wa kampuni. Catalyst wenyewe walitahadharisha kwamba uhusiano si sababu, ila tahadhari hiyo haikusafiri pamoja na namba.

Mwaka 2009 watafiti Renée Adams na Daniel Ferreira walijaribu kulitenganisha jambo hilo kwa data za Marekani. Walichokiona ndani ya chumba cha mikutano kilikuwa kizuri: wanawake walihudhuria vikao vya bodi zaidi kuliko wanaume, waliwekwa zaidi kwenye kamati za usimamizi, na hata mahudhurio ya wanaume yaliboreka bodi ilipokuwa na wanawake zaidi. Mkurugenzi mtendaji wa kampuni ambayo hisa zake zimeporomoka alikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufukuzwa pale bodi ilipokuwa na wanawake zaidi. Lakini walipojaribu kutoa athari za mambo mengine, wastani wa matokeo ya kifedha ulikuwa hasi. Kampuni zenye usimamizi legelege zilifaidika, na zile ambazo tayari zilibanwa vizuri zilidhurika, pengine kwa sababu ya kubanwa kupita kiasi.

Ndiyo maana Norway iliwavuta watafiti. Kampuni hazikuchagua kuongeza wanawake kwa sababu zimefanikiwa au kwa sababu zimekwama. Zilishurutishwa zote kwa pamoja, kwa tarehe moja.

Sheria ilivyofanya kazi

Bunge la Norway, Storting, lilipitisha sheria mwezi Desemba 2003 kwa kura nyingi, Chama cha Maendeleo kikiwa ndicho kilichopinga. Kampuni zinazomilikiwa na serikali zilianza kubanwa Januari 2004. Kampuni binafsi zilipewa njia ya upole: zikifikia lengo kwa hiari kufikia Julai 2005, sheria isingewashwa kwao. Hazikufikia. Mwaka 2002 wanawake walikuwa takriban asilimia 6 ya wajumbe, na hadi muda wa hiari unaisha hata asilimia 20 haikuwa imefikiwa. Serikali ikawasha sheria tarehe 1 Januari 2006 na kuzipa kampuni zilizokuwepo miaka miwili.

Adhabu ndiyo iliyowashtua wageni. Haikuwa faini wala barua ya kujieleza. Kampuni isiyo na bodi halali ingeweza kuvunjwa na mahakama, sawa na kampuni isiyo na mkaguzi wa hesabu. Kisheria hili halikuwa jambo jipya, kwa sababu tayari sheria ya kampuni ya Norway iliivunja kampuni yenye bodi isiyokidhi matakwa. Lililoongezwa ni matakwa. Mwanzoni mwa 2008 makumi ya kampuni zilikuwa bado, zikapokea maonyo kutoka rejista ya kampuni iliyoko Brønnøysund. Miezi michache baadaye zote zilikuwa zimetimiza. Hakuna iliyovunjwa.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu huteleza. Sheria haikusema asilimia 40 kwa kila bodi. Bodi ya watu watatu inahitaji jinsia zote mbili ziwemo. Ya wanne au watano inahitaji angalau wawili wa kila jinsia. Ya sita hadi wanane, angalau watatu. Ya tisa, angalau wanne. Kuanzia hapo kwenda juu ndipo asilimia 40 inaposimama yenyewe. Na kanuni inabana pande zote mbili: bodi ya wanawake watupu nayo ni haramu.

Tuchukue bodi ya wanaume watano. Mwenyekiti hataki kumwondoa mtu yeyote, kwa hiyo anafikiria kuongeza viti viwili. Haitoshi: sasa bodi ina watu saba, na saba inahitaji wanawake watatu. Akiongeza watatu, bodi inakuwa na watu wanane, wanaume wote watano wamebaki, na sheria imetimizwa kwa asilimia 37.5. Au anaweza kubaki na watano, akawaaga wanaume wawili na kuleta wanawake wawili. Njia ya kwanza ina gharama ya posho na vikao virefu; ya pili ina gharama ya uzoefu unaotoka na watu wanaonuna. Kwa kampuni nyingi swali la kweli lililojadiliwa kwenye kamati ya uteuzi lilikuwa hili la nani aondoke, wala halikuwa falsafa ya usawa.

Jambo lingine la kukumbuka ni kwamba bodi ya Norway si bodi ya watendaji. Mkurugenzi mtendaji haruhusiwi kuwa mwenyekiti wa bodi katika kampuni za aina hii, na wafanyakazi wa kampuni kubwa huchagua wajumbe wao, hadi theluthi ya bodi. Bodi inasimamia, inaidhinisha mikakati, inaajiri na kufukuza mkurugenzi mtendaji. Haiuzi samaki wala haichimbi mafuta. Mtu anayetarajia kubadilisha viti viwili kati ya vitano kuonekana kwenye faida ya mwaka unaofuata anaidai bodi mambo ambayo hakuna bodi inayoyafanya, ya wanaume au ya wanawake.

Makala iliyotikisa

Mwaka 2012, Kenneth Ahern na Amy Dittmar walichapisha uchunguzi wao katika Quarterly Journal of Economics. Uliandikwa kwa ustadi, na ndio unaonukuliwa na kila anayepinga viwango vya lazima.

Walianza na ile Ijumaa ya Februari. Habari ilipotoka, hisa za kampuni zisizokuwa na mwanamke hata mmoja kwenye bodi zilishuka kwa wastani wa asilimia 3.5, huku zile zenye angalau mmoja zikibaki karibu palepale. Mantiki ni rahisi: kampuni zenye kazi kubwa zaidi ya kubadilika ndizo zilizoumia. Kisha wakafuatilia kipimo kinachoitwa Q ya Tobin, yaani thamani ya kampuni sokoni ikigawanywa kwa thamani ya mali zake. Walipata kwamba kila ongezeko la pointi 10 za wanawake lililolazimishwa na sheria liliambatana na mshuko wa asilimia 12.4 wa kipimo hicho. Bodi mpya zilikuwa na vijana zaidi na watu wachache waliowahi kuwa wakurugenzi watendaji. Kampuni zikaongeza madeni na kununua kampuni nyingine, na utendaji ukadorora.

Wapinzani wengi huishia hapo. Wanachosahau ni kwamba Ahern na Dittmar hawakusema jinsia yenyewe ndiyo iliyoshusha thamani. Walielekeza kidole kwenye umri na uzoefu: ukizibana kampuni zote zitafute watu kutoka kundi dogo kwa muda mfupi, utapata watu ambao hawajapitia mengi. Hiyo ni hoja kuhusu kasi na ukubwa wa kundi la kuchagua, na inaleta ushauri tofauti kabisa na ule wa “wanawake hawafai”.

Lakini tuzitazame namba zenyewe. Kampuni iliyotoka sifuri hadi asilimia 40, kwa kiwango hicho cha mshuko, ingepoteza karibu nusu ya thamani yake. Nusu! Kwa kubadilisha watu wawili kati ya watano kwenye chombo kinachokutana mara chache kwa mwaka. Na wawekezaji wale wale, siku waliposikia habari, waliona hasara ya asilimia 3.5. Ni kweli kwamba mwaka 2002 hakuna aliyejua kama maneno ya waziri yangekuwa sheria, kwa hiyo soko lilikuwa na haki ya kuipunguza habari. Hata hivyo, pengo kati ya 3.5 na 50 ni kubwa mno kuzibwa na mashaka ya kisiasa peke yake.

Kuna kitu kingine kilichotokea kati ya 2002 na 2009, na hakikuhusu wanawake. Mwaka 2008, mwaka uleule wa tarehe ya mwisho, mgogoro wa fedha duniani ulilivunja soko la hisa la Oslo mgongo. Kipimo chake kikuu kilishuka kwa zaidi ya nusu ndani ya mwaka mmoja. Oslo ni soko la mafuta, meli na samaki; bei ya mafuta ikianguka na biashara ya meli ikisimama, kampuni fulani huanguka kuliko nyingine. Kama kampuni zilizokuwa na wanaume watupu mwaka 2002 zilikuwa pia ndogo zaidi, au kwenye sekta zilizopigwa zaidi, basi mshuko wao utaonekana kama umeletwa na sheria hata kama sheria isingekuwepo.

B. Espen Eckbo, Knut Nygaard na Karin Thorburn walilifanyia kazi jambo hili kwa miaka, na mwaka 2022 makala yao ikatoka katika Management Science. Hoja yao ya kwanza ni ya kitakwimu na inastahili kuelezwa, kwa sababu huwapata watafiti wengi. Unapopima siku moja ya tangazo moja, kampuni mia na zaidi zilizo kwenye soko moja dogo si mashahidi mia na zaidi walio huru. Bei ya mafuta ikitikisika siku hiyo, zinatikisika pamoja. Ukizihesabu kama mashahidi huru, unajipa uhakika usiostahili. Walipohesabu upya kwa kuzingatia hilo, mshuko wa siku ya tangazo haukutofautiana na sifuri kwa kiwango cha kuaminika. Walikagua pia mshuko wa muda mrefu wa Q, nao haukusimama. Hitimisho lao ni kwamba wanawake wenye sifa walikuwepo wa kutosha kuwaepusha wanahisa na hasara.

Mimi naegemea upande wao, kwa sababu ile ya hesabu ya nusu kuliko nyingine yoyote. Lakini angalia kitu walichothibitisha: hakuna hasara inayoonekana. Hawakuthibitisha faida. Anayeichukua makala yao na kutangaza kwamba Norway imeonyesha bodi mchanganyiko zinaongeza utajiri anafanya kosa lile lile la upande wa pili, amegeuza alama tu.

Wafanyakazi ambao hawakupunguzwa

Uchunguzi ninaoupenda zaidi katika kisa hiki hauzungumziwi sana, labda kwa sababu hauwafurahishi kikamilifu wa upande wowote. David Matsa na Amalia Miller, mwaka 2013, waliacha bei za hisa wakaenda kwenye vitabu vya hesabu. Walizilinganisha kampuni za Norway zilizobanwa na sheria na kampuni ambazo hazikubanwa, zikiwemo za nchi jirani za Nordic ambazo hazikuwa na sheria hiyo lakini zilikumbwa na mawimbi yale yale ya uchumi. Huu ni mpango mzuri, kwa sababu mgogoro wa fedha ulizipiga zote.

Maamuzi mengi ya kampuni hayakubadilika. Kilichobadilika ni kimoja: kampuni zilizobanwa zilipunguza wafanyakazi mara chache zaidi. Gharama za mishahara zikawa juu kulinganisha na wenzao, na faida ya muda mfupi ikashuka.

Hapa ndipo neno “utendaji wa kifedha” linapoanza kuyumba. Kampuni iliyoweka wafanyakazi wake kipindi cha mdororo ina faida ndogo mwaka huo. Mwenye hisa anayetaka gawio Desemba atasema bodi imezembea. Mwenye hisa wa miaka kumi anaweza kusema bodi imeokoa gharama ya kuajiri na kufundisha watu wapya soko likifufuka, na pia imelinda ujuzi usiweze kuhamia kwa washindani. Data za miaka michache baada ya sheria haziwezi kuamua nani kati yao ana haki. Hata hivyo hili ni tokeo la kweli, lina utaratibu unaoeleweka, na linatuambia bodi ilifanya nini tofauti, jambo ambalo bei ya hisa haiwezi kamwe kutuambia.

Je, ni kwa sababu walikuwa wanawake, au kwa sababu walikuwa wageni wasio na deni la urafiki kwa watendaji? Kisa hiki hakiwezi kuvitenganisha, kwa kuwa sheria ilileta vyote viwili mlango mmoja.

Waliohama

Sheria ilizibana kampuni za aina ya ASA, yaani zile zinazoweza kuuza hisa kwa umma. Kampuni za aina ya AS, ambazo hisa zake haziuzwi hadharani, hazikuguswa. Kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la Oslo haikuwa na pa kukimbilia bila kujitoa sokoni. Lakini ASA nyingi hazikuwa zimeorodheshwa kabisa. Zilikuwa ASA kwa mazoea au kwa matarajio ya baadaye. Hizo zingeweza kubadili karatasi na kuwa AS.

Nyingi zilifanya hivyo. Øyvind Bøhren na Siv Staubo waliripoti mwaka 2014 kwamba takriban nusu ya kampuni zilizobanwa zilihamia muundo ambao sheria haikuufikia, na zaidi zile ndogo, changa, ambazo hazijaorodheshwa na zilizokuwa na wanawake wachache. Kwao huo ni ushahidi kwamba sheria ilikuwa mzigo. Eckbo na wenzake wanapinga: sababu nyingine zilikuwepo, ikiwemo mabadiliko ya mwaka 2007 ya sheria ya biashara ya dhamana, yaliyoziondolea kampuni za uwakala wa hisa sharti la kuwa ASA.

Pengine wote wana ukweli. Kampuni ndogo isiyouza hisa kwa umma, ambayo muundo wa ASA unaipa kazi ya ziada na haiipi chochote, inahitaji kisukumo kidogo tu ili ihame. Sheria ya bodi inaweza kuwa ndiyo kisukumo hata kama haikuwa mzigo mkubwa. Kwa anayepima faida, hata hivyo, uhamaji huu ni tatizo zito: ukizitazama ASA za mwaka 2009, unazitazama zile zilizobaki. Waliokerwa zaidi wameshaondoka kwenye sampuli, pamoja na hesabu zao.

Nani walikaa kwenye viti

Vyombo vya habari vilipata jina la haraka: sketi za dhahabu, yaani kikundi kidogo cha wanawake waliokusanya viti kwenye bodi nyingi kwa wakati mmoja. Kikundi hicho kilikuwepo kweli. Mahitaji yanapopanda ghafla, waliokwisha kujulikana huitwa kwanza. Wanaume waliokuwa na viti vinne au vitano kabla ya 2002 hawakuwahi kupewa jina la vazi lolote.

Kwa upande wa sifa, uchunguzi wa Marianne Bertrand, Sandra Black, Sissel Jensen na Adriana Lleras-Muney, uliochapishwa mwaka 2019, unajibu vizuri. Walitumia rejista za taifa la Norway, ambazo zinaonyesha elimu na kipato cha karibu kila mtu. Wanawake walioingia baada ya sheria walikuwa na sifa kubwa zaidi kuliko wale wachache waliokuwepo kabla, na pengo la kipato kati ya wajumbe wanaume na wanawake lilipungua. Hofu kwamba kampuni zingelazimika kuokota mtu yeyote haikutimia. Sehemu ya maelezo ni maandalizi: shirikisho la waajiri, NHO, ambalo halikuipenda sheria, lilianzisha mwaka 2003 mpango wa Female Future wa kuwatambua na kuwafundisha wanawake wenye uwezo wa kukaa kwenye bodi. Walipinga, kisha wakajipanga.

Matokeo mengine ya utafiti huo hayakuwa matamu. Chini ya ngazi ya bodi, karibu hakuna kilichosogea. Wanawake waliofanya kazi ndani ya kampuni hizo hawakupanda kwa kasi zaidi, na wasichana waliokuwa wakisomea biashara hawakubadili mipango yao ya kazi wala familia kwa namna inayopimika. Viti vya wakurugenzi watendaji vilibaki vya wanaume kwa sehemu kubwa. Kwa mtu wa fedha, hii inapunguza zaidi matarajio: kama kampuni nzima chini ya bodi imebaki vilevile, faida ingebadilika kupitia njia gani?

Ukipanua macho nje ya Norway, picha haigeuki sana. Corinne Post na Kris Byron walijumlisha tafiti 140 mwaka 2015 na kukuta uhusiano chanya lakini mdogo sana na faida iliyo kwenye vitabu vya hesabu, na karibu sifuri na thamani ya soko. La kuvutia ni kwamba soko lilielekea upande wa chanya katika nchi zenye usawa mkubwa zaidi wa kijinsia na upande wa hasi kwenye nchi zenye usawa mdogo. Hapo unaanza kushuku kwamba bei ya hisa inapima mawazo ya wawekezaji kuhusu wanawake, pamoja na kazi ambayo wanawake hao wanaifanya.

Hapo ndipo ninapotofautiana na Gabrielsen, licha ya kuheshimu ujasiri wake. Kuifunga sheria kwenye faida kulimsaidia kuipitisha mbele ya wafanyabiashara, lakini kuliwapa wapinzani rungu: siku ambayo utafiti mmoja unaonyesha hasara, sheria nzima inaonekana imeanguka. Na hakuna aliyewahi kuzidai bodi za wanaume watupu zithibitishe kwamba uanaume wao unaongeza gawio. Tokeo la karibu na sifuri ni habari mbaya kwa aliyeahidi utajiri. Kwa anayeuliza kama nusu ya watu inaweza kupewa viti bila kampuni kuanguka, ni jibu la kutosha.

Wabunge wa Ulaya waliisoma Norway kwa namna hiyo ya pili. Ufaransa na Italia zilipitisha viwango vyao mwaka 2011, Ujerumani mwaka 2015, na Umoja wa Ulaya ukatoa agizo mwaka 2022 linalozitaka kampuni kubwa zilizoorodheshwa zifikie asilimia 40 ya wajumbe wasio watendaji, au 33 ya wajumbe wote, kufikia katikati ya 2026. Adhabu ya kuvunja kampuni wengi hawakuiiga.

Norway yenyewe imerudi kwenye mlango waliotokea wale waliohama. Mwaka 2023 bunge lilikubali kuzibana pia kampuni za AS zenye mapato makubwa au wafanyakazi wengi, kwa awamu kuanzia mwisho wa 2024 hadi 2028. Idadi ya kampuni zinazoguswa safari hii ni maelfu, dhidi ya mamia ya mara ya kwanza, na ukubwa wake unatofautiana kwa kila awamu, jambo litakalowapa watafiti makundi ya kulinganisha ambayo Ahern, Dittmar na wapinzani wao hawakuwa nayo: kampuni mbili zinazofanana, moja juu kidogo ya mstari na nyingine chini yake, mwaka uleule na bei ileile ya mafuta. Ila hisa za kampuni hizi haziuzwi sokoni, kwa hiyo hakutakuwa na siku ya tangazo ya kupima wala Q ya Tobin ya kugombania. Kitakachobaki ni vitabu vya hesabu na orodha za mishahara, kule kule walikoanzia Matsa na Miller.